Kuziba kwa Utumbo: Visababishi Visivyo vya Kawaida, Tiba ya Upasuaji na Dhima ya Msamiati

Utangulizi

Mtu akisema "tumbo linanisokota", msikilizaji humpa pole na kumshauri anywe maji moto yenye tangawizi. Usemi huo umezoeleka mno. Msokoto wa tumbo, katika matumizi ya kila siku, ni maumivu yanayokata na kuachilia, yawe yametokana na kuhara, hedhi au chakula kilichochacha. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao usemi huo si sitiari kwao. Utumbo wao umejisokota kwelikweli, mithili ya kamba ya katani, damu haipiti, na uhai wao unahesabiwa kwa saa. Daktari, jamaa au jirani asipoweza kubainisha sitiari na uhalisi, mgonjwa huyo hulazwa kitandani nyumbani akisubiri tangawizi ifanye kazi.

Makala haya yananuia kueleza, kwa Kiswahili, maradhi ya kuziba kwa utumbo, hususan visababishi vyake vya nadra, na jinsi wapasuaji wanavyoyatibu. Sambamba na maelezo hayo, yatabainisha hoja moja: Kiswahili hakikosi maneno ya kuyataja maradhi haya, kinachokosekana ni kuyapa maneno hayo mipaka. Hoja hii ina uzito maadamu maradhi yenyewe hayana subira.

Njia Iliyoziba na Ishara Zake Nne

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, nao utumbo mpana ni kama mita moja na nusu. Kila siku lita 8 hadi 9 za majimaji huingia katika njia hii. Ni lita 2 hivi tu zinazotokana na vyakula na vinywaji. Zilizosalia ni mate, majimaji ya tumbo, nyongo na majimaji ya utumbo wenyewe. Karibu yote hufyonzwa na kurudishwa mwilini. Njia inapoziba, ufyonzaji huvurugika, majimaji hurundikana juu ya kizuizi, na mengine hutapikwa. Hivyo basi, mgonjwa hukauka maji ilhali tumbo lake limejaa maji.

Ishara kuu ni nne: maumivu yanayokuja kwa mawimbi, kutapika, tumbo kuvimba, na kutotoka kinyesi wala upepo. Kizuizi kikiwa juu, karibu na tumbo la chakula, kutapika hutangulia. Kikiwa chini, katika utumbo mpana, kuvimba ndiko hutangulia na kutapika huchelewa.

Visababishi vya kawaida vinajulikana. Cha kwanza ni mishikamano, yaani nyuzi za kovu zinazobaki tumboni baada ya upasuaji wa awali. Cha pili ni ngiri, pale ambapo utumbo hupenya katika tundu la ukuta wa tumbo na kunaswa humo. Cha tatu ni uvimbe, hasa wa saratani. Hatari kubwa kuliko zote ni kunyongwa kwa utumbo: mishipa ya damu inapobanwa, sehemu ya utumbo hufa, huoza, hutoboka, na uchafu wake humwagika ndani ya mwili. Maumivu ya mawimbi yanapogeuka kuwa ya mfululizo, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio, aghalabu mnyongo huo umeanza.

Msokoto na Fundo

Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ina umbo la kitanzi, na wanasayansi waliiita kwa jina la herufi ya Kigiriki, sigma. Kwa baadhi ya watu kitanzi hiki ni kirefu kupita kiasi, na utando unaokishikilia kwenye ukuta wa nyuma ni mwembamba shinani. Kitanzi kirefu chenye shina jembamba huzunguka kwa urahisi. Kikizunguka, ncha zake mbili hufungika, hewa hunaswa ndani, na tumbo huvimba kama ngoma. Katika nchi za Ulaya Magharibi msokoto huu ni kisababishi cha nadra, na huwapata zaidi wakongwe. Katika Afrika Mashariki huonekana mara nyingi zaidi, na huwapata hata wanaume wa makamo wenye nguvu zao. Wataalamu wengi hulihusisha jambo hili na vyakula vyenye makapi mengi, ambavyo huurefusha utumbo mpana kadiri miaka inavyopita.

Katika picha ya eksirei, kitanzi kilichojaa hewa hufanana na punje kubwa ya kahawa, na hivyo ndivyo madaktari duniani kote wanavyokiita. Mkulima wa Nyeri au Kisii hahitaji kufafanuliwa tashbihi hiyo.

Tiba hutegemea hali ya utumbo. Ikiwa hakuna dalili ya kuoza, daktari hupitisha mrija kupitia njia ya haja kubwa hadi kwenye kitanzi. Hewa hutoka kwa kishindo na msokoto hujifungua. Mbinu hii ilielezwa na daktari Bruusgaard mwaka wa 1947, na ingali inatumika. Hata hivyo, kitanzi kilichojisokota mara moja hujisokota tena. Kwa sababu hiyo, mgonjwa akishapata nafuu hushauriwa kitanzi chenyewe kikatwe na ncha mbili ziunganishwe. Ikiwa utumbo umekwisha kuoza, hapana kusubiri. Mpasuaji huondoa sehemu iliyokufa. Asipoona usalama wa kuunganisha papo hapo, huifunga ncha ya chini na kuitoa ya juu kwenye ngozi ya tumbo, kinyesi kipite hapo na kupokelewa katika mfuko. Njia hiyo ni ya Henri Hartmann, mpasuaji wa Ufaransa, aliyeieleza mwaka wa 1921 kwa wagonjwa wa saratani. Wengi hufanyiwa upasuaji wa pili baadaye ili utumbo urejeshwe mahali pake.

Nadra zaidi ya msokoto ni fundo. Hapa utumbo mwembamba hujizungusha kwenye shina la kitanzi cha utumbo mpana, na vyote viwili hukazana. Hali hii imeripotiwa sana katika Afrika Mashariki kuliko Ulaya. Mgonjwa huzidiwa kwa muda wa saa chache, kwa kuwa tumbo mbili zimenyongwa kwa pamoja. Mpasuaji mwenye busara hashindani na fundo lililooza. Akilifungua kwa nguvu, sumu iliyonaswa huingia katika damu. Hivyo, hulikata likiwa fundo.

Mchomeko wa Utumbo kwa Watoto

Hebu msomaji afikirie mkono wa shati uliovutwa ukaingia ndani yake wenyewe. Hivyo ndivyo sehemu moja ya utumbo inavyoweza kuingia katika sehemu inayoifuata. Makala haya yanapendekeza hali hiyo iitwe mchomeko wa utumbo, kutokana na kitenzi chomeka. Huwapata zaidi watoto wachanga kati ya miezi mitatu na miaka miwili. Mtoto aliyekuwa mzima hupiga yowe ghafla na kukunja magoti kifuani, kisha hutulia. Baada ya dakika chache yowe hurudi. Hutapika, hulegea, na hatimaye hutoa damu iliyochanganyika na kamasi. Vitabu vya Kiingereza hufananisha uchafu huo na rojo la tunda dogo la Ulaya ambalo mama wa Kakamega au Kilifi huenda hajaliona maishani mwake. Kumwambia kwamba unafanana na jemu nyekundu kungemsaidia zaidi.

Kwa mtoto mkubwa au mtu mzima, mchomeko aghalabu hutanguliwa na kitu kinachovutwa na mwendo wa utumbo, kwa mfano uvimbe. Mojawapo ya uvimbe wa aina hiyo ni saratani ya watoto iliyoelezwa na Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, katika makala yake ya mwaka wa 1958. Ingawa inafahamika zaidi kwa kuvimbisha taya, saratani hiyo huingia tumboni pia.

Tiba ya kwanza kwa mtoto ambaye utumbo wake haujatoboka ni kusukuma hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa, kwa kipimo, huku daktari akitazama katika picha jinsi mchomeko unavyorudi nyuma. Wazo hilo ni kongwe: maandishi ya kitabibu ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yalishauri mgonjwa wa utumbo ulioziba ajazwe hewa kwa mvukuto. Hewa ikishindwa, upasuaji hufuata. Mwaka wa 1871, mjini London, Jonathan Hutchinson alimfanyia upasuaji mtoto wa miaka miwili, naye akapona. Kanuni inayofuatwa ni nyepesi kueleza ingawa yahitaji mkono mtulivu: utumbo uliochomeka husukumwa taratibu kutoka mbele ili urudi ulikotoka, hauvutwi, kwani ukivutwa huchanika.

Mchomeko uliwahi kuathiri historia ya chanjo. Mwaka wa 1998 Marekani iliidhinisha RotaShield, chanjo ya virusi vya rota vinavyowaharisha watoto. Mwaka uliofuata chanjo hiyo iliondolewa baada ya kubainika kuwa ilihusiana na mchomeko. Chanjo zilizofuata zilichunguzwa kwa makini zaidi. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya rota mwaka wa 2014, na uchunguzi wa nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania, uliochapishwa mwaka wa 2018, haukupata ongezeko la mchomeko kutokana na chanjo iliyokuwa ikitumika humo.

Minyoo Waliorundikana

Minyoo aina ya askarisi ni warefu; jike huweza kufikia sentimita 35. Mayai yake humezwa pamoja na udongo au chakula kisichooshwa. Viluwiluwi huanguliwa, husafiri kupitia ini na mapafu, hupanda kooni, humezwa tena na kukomaa katika utumbo mwembamba. Wachache hawana kishindo. Wakiwa wengi katika utumbo mwembamba wa mtoto, husukana kama ukili wa mkeka na kuziba njia karibu na makutano ya utumbo mwembamba na mpana.

Tiba haianzi na kisu. Mtoto hanyweshwi wala halishwi. Huwekewa mpira wa puani wa kuondoa majimaji tumboni, na dripu ya kurudisha maji mwilini. Watoto wengi hufunguka kwa njia hiyo. Dawa ya minyoo husubiri, kwa sababu minyoo wakipoozeshwa kwa pamoja wakati njia imefungwa wanaweza kuzidisha kizuizi. Upasuaji ukilazimu, mpasuaji huliminya donge la minyoo polepole kuelekea utumbo mpana. Likikataa, hufungua utumbo na kuwatoa mmoja mmoja. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni mwaka wa 2009, na kuupanua kuanzia mwaka wa 2012. Tembe moja darasani ni nafuu kuliko kisu hospitalini.

Nywele na Mawe

Kundi la mwisho linahusu vitu ambavyo havikutarajiwa kuwa tumboni. Baadhi ya watu, wengi wao wasichana, hung'oa nywele zao na kuzila wanaposongwa na mawazo. Nywele hazimeng'enywi. Hujikusanya tumboni, hushonana na kamasi na mabaki ya chakula, na kufinyanga donge lenye umbo la tumbo lenyewe. Pengine donge hilo huota mkia unaoteremka ndani ya utumbo mwembamba. Mwaka wa 1968 wataalamu wa Marekani waliipa hali hiyo jina la Rapunzel, msichana wa hekaya iliyochapishwa na ndugu Grimm wa Ujerumani mwaka wa 1812, aliyeteremsha nywele zake ndefu kutoka mnarani. Hivyo fasihi simulizi ikaingia katika chumba cha upasuaji. Mpasuaji hufungua tumbo la chakula na kulitoa donge pamoja na mkia wake wote, kwani kipande kikikatika na kusalia huziba upya. Hata hivyo, kazi huwa nusu ikiwa msichana hatapewa ushauri nasaha kuhusu dhiki iliyomfikisha hapo.

Madonge mengine huundwa na nyuzi za matunda na mimea. Mwaka wa 2002 madaktari waliripoti kuyayeyusha baadhi yao kwa Coca-Cola, jambo ambalo haliwezekani kwa nywele. Jina la kitaalamu la madonge haya, bezoa, lilitoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya kinga ya sumu, likapitia Kiarabu. Hapo kale mawe yaliyotolewa katika matumbo ya mbuzi yaliuzwa kwa bei ghali, yakiaminiwa kuwa tiba ya sumu zote. Katika karne ya 16 mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré aliipinga imani hiyo. Mpishi mmoja aliyehukumiwa kunyongwa kwa wizi alikubali kunyweshwa sumu na kupewa jiwe hilo, kwa ahadi kwamba angeachiliwa akipona. Alikufa kwa mateso baada ya saa chache. Jina zuri halikumwokoa.

Jiwe la nyongo nalo huweza kusafiri. Likikaa muda mrefu katika kifuko chake huweza kuutoboa ukuta, likaingia katika utumbo mwembamba na kuteremka hadi linaponasa, kwa kawaida karibu na mwisho wa utumbo huo. Aghalabu jiwe la namna hiyo huzidi sentimita mbili na nusu kwa upana. Thomas Bartholin, tabibu wa Denmark, alilieleza mnamo 1654. Wanaopatwa zaidi ni wanawake wazee. Mpasuaji hufungua utumbo juu kidogo ya mahali jiwe liliponasa, hulitoa na kushona. Tundu la kifuko cha nyongo linaweza kusubiri siku nyingine ikiwa mgonjwa ni dhaifu.

Jua Lisichwe

Wapasuaji wa zamani walikuwa na msemo kwamba jua lisichomoze na kuchwa kabla utumbo ulioziba haujapasuliwa. Msemo huo umelegezwa siku hizi. Kwa mgonjwa mwenye mishikamano asiye na dalili za mnyongo, madaktari huweza kusubiri siku mbili au tatu huku wakimpa dripu na kuondoa majimaji kwa mpira wa puani, njia iliyoenezwa na mpasuaji wa Marekani Owen Wangensteen katika miaka ya 1930. Lakini subira hiyo ni ya hospitalini, chini ya macho ya daktari. Si ya nyumbani. Aidha, kumpa mgonjwa wa namna hii haluli au mafuta ya mbarika ili "afunguke" ni kuusukuma utumbo ugongane na kizuizi, na huenda ukatoboka.

Msamiati, Tafsida na Uhai

Wagiriki waliuita ugonjwa huu kwa neno linalotokana na kuzungusha. Jina la kitaalamu la msokoto, volvulasi, limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana iyo hiyo. Waswahili nao walisema msokoto. Lugha tatu ziliona jambo moja. Tofauti ni kwamba wasomi wa kwingine walilichukua neno la mtaani, wakaliwekea mpaka na kuliandika vitabuni, ilhali msokoto wa Kiswahili umebaki kutaja kila maumivu ya tumbo.

Mifano ni mingi. Neno chango, katika matumizi mbalimbali, limetaja utumbo mwembamba, minyoo na maumivu ya tumbo ya wanawake. Mshipa ni njia ya damu, ni neva, na pia ni ugonjwa wa kuvimba sehemu za siri. Ngiri ni ugonjwa na ni mnyama wa mwituni. Polisemia ni neema katika ushairi. Katika chumba cha dharura ni mtego.

Tafsida ni mtego wa pili. Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee amefikishwa hospitalini akiwa na tumbo lililovimba. Daktari kijana anamwamkia:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeenda choo leo?"

"Nimeenda."

Daktari anaandika kwamba mgonjwa amepata choo. Mzee hakusema uongo. Alienda chooni, akachutama, akarudi bila kitu. Neno choo ni chumba na pia ni kinyesi; kwenda choo si kupata choo. Swali la pili, lile la upepo, halikuulizwa kabisa, kwa kuwa kitenzi kujamba hakitamkwi mbele ya mtu wa umri wa baba. Ishara ya nne ya ugonjwa, ambayo ni muhimu mno, imepotea kati ya adabu ya kijana na staha ya mzee.

Dawa yake si kuivunja adabu. Lugha inayo tafsida zinazofichua badala ya kuficha. Daktari angeuliza, "Mzee, ulipoenda msalani, kinyesi kilitoka? Na mara ya mwisho kutoa upepo ilikuwa lini?" Maswali hayo mawili hayamvunjii mtu heshima, na majibu yake huweza kumfikisha mgonjwa kwenye meza ya upasuaji kabla jua halijachwa.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo hautakamilika hadi lugha itakapomfaa mgonjwa. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi hapa ambayo wenzao wa kitivo cha tiba hawawezi kuifanya peke yao: kuketi nao, kusikiliza jinsi wagonjwa wanavyoyaeleza matumbo yao, na kubainisha msokoto, fundo, mchomeko, mnyongo na donge, kila neno na maana yake. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi; yahitaji daftari na masikio.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mgonjwa. Lakini mzee wa mfano wetu hakuficha kitu: aliulizwa swali lenye maana mbili, akajibu kwa maana yake. Lugha nayo huweza kuficha maradhi, na wanaoweza kuifichua ni wale walioifanya kuwa taaluma yao.